Barua ya Kupokelewa Chuoni Si Ufadhili: Jinsi ya Kutafuta Nafasi ya Uzamifu Inayolipiwa

Hutokea mhitimu wa uzamili akapata barua ya chuo cha ng'ambo, jamaa wakaitisha harambee, ng'ombe wakauzwa na tiketi ya ndege ikanunuliwa. Anapofika huko ndipo hubainika kwamba barua ilimpa nafasi ya kusoma tu. Karo, kodi ya nyumba na chakula ni juu yake.

Anayetaka kusomea uzamifu anafaa kwanza kutofautisha njia tatu.

1. Kazi yenye mshahara. Nchini Uholanzi, Uswidi, Norwe na Denmark, mtafiti wa uzamifu kwa kawaida huajiriwa na chuo kwa mkataba. Nafasi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote, ikiwa na mada ya utafiti na siku ya mwisho ya kutuma maombi.

2. Ufadhili wa masomo. Hapa shirika hulipia gharama. Mifano ni DAAD ya Ujerumani na Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola iliyoko Uingereza.

3. Nafasi katika taasisi za utafiti. Si lazima kuvuka mpaka. Kituo cha icipe jijini Nairobi, kilichoanzishwa mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimekuwa na mpango wa uzamifu uitwao ARPPIS tangu 1983. Mwanafunzi hufanya utafiti kituoni na kusajiliwa katika chuo kikuu. Kwa wahadhiri wa afya ya umma, kuna CARTA, ambayo Chuo Kikuu cha Nairobi na Moi ni wanachama wake.

Mahali pa kutafuta

Tovuti ya EURAXESS, inayoungwa mkono na Tume ya Ulaya, huorodhesha kazi za utafiti bila malipo. Humo hupatikana pia nafasi za Marie Skłodowska-Curie, ambazo ziko wazi kwa raia wa nchi yoyote. Sharti moja ni kwamba mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi anayoomba kwa zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia.

Barua kwa msimamizi

Barua pepe moja iliyotumwa kwa maprofesa 50 haisomwi. Barua nzuri ni fupi na hueleza mambo matatu: kazi ya profesa ambayo mwombaji ameisoma, utafiti aliofanya katika uzamili, na swali analotaka kulichunguza. Wasifu na matokeo ya mitihani huambatishwa. Wanaoandika barua za mapendekezo waombwe mapema, angalau mwezi mmoja kabla.

Jihadhari

Baadhi ya vyuo hutoza ada ya maombi, nayo hulipwa katika tovuti ya chuo chenyewe. Wakala anayedai pesa kwa simu ili "kuhakikisha" ufadhili ni wa kuepukwa.

Maswali ya kujibu kabla ya kutia sahihi

1. Barua inataja karo italipwa na nani?
2. Pesa za kujikimu ni kiasi gani kwa mwezi, na kwa miaka mingapi?
3. Bima ya afya, viza na nauli vimo?
4. Msimamizi ametajwa kwa jina?
5. Ufadhili ukiisha kabla ya tasnifu kukamilika, itakuwaje?

Swali lolote lisilo na jibu la maandishi liulizwe chuoni kabla ya ng'ombe kutoka zizini.