Somo: Njia Moja, Ruhusa Moja

Lengo la somo: Kuelewa kwa nini treni hugongana na vyombo vya matengenezo ya reli, na kujua hatua ambazo mfanyakazi, dereva na mwanakijiji anaweza kuchukua ili kuokoa maisha.

Walengwa: Vikundi vya vijana, wakulima na wasafirishaji wa Ivuna na vijiji vya jirani.

Utangulizi

Ivuna haina reli. Hata hivyo, anayepeleka mpunga au chumvi Tunduma au Vwawa hufika maeneo ambako reli ya TAZARA inapita. Reli hiyo yenye urefu wa kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Mwezi Septemba 2025 ulitiwa saini mkataba wa dola za Marekani bilioni 1.4 wa kuikarabati na kuiendesha reli hiyo kwa kushirikiana na kampuni ya CCECC ya China. Ukarabati wa namna hiyo huhitaji mafundi, mitambo na vibarua, na huenda baadhi ya vibarua hao wakawa vijana wetu. Hii ndiyo sababu tumechagua somo hili.

Tukio la Tanga

Tarehe 22 Machi 2020, katika mkoa wa Tanga, kiberenge kiligongana na treni ya mizigo kati ya stesheni za Mwakinyumbi na Gendagenda. Wafanyakazi watano wa Shirika la Reli Tanzania (TRC) walipoteza maisha.

Kiberenge ni chombo kidogo cha injini kinachotembea juu ya reli. Hubeba wakaguzi wa njia, mafundi na zana zao. Watu wanaokitumia si wageni wa reli. Ni wale wale wanaojua kila kona na kila daraja, na kazi yao ni kuhakikisha kwamba treni inapita salama. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ajali za namna hii huwapata tu watu wasioijua reli. Anayeijua naye anahitaji kulindwa.

Kwa nini treni haikwepi wala haisimami upesi?

Dereva wa lori akiona hatari anaweza kukata kona. Dereva wa treni hawezi, kwani magurudumu yake yamefungwa kwenye njia moja. Anachoweza ni kupiga honi na kufunga breki. Lakini treni ya mizigo huwa na uzito wa mamia ya tani au zaidi, na chuma kinateleza juu ya chuma. Hata breki zikifungwa zote, treni inaweza kwenda mamia ya mita kabla ya kusimama.

Tufanye hesabu. Treni inakwenda kilometa 50 kwa saa. Kiberenge kinakuja kutoka mbele kwa kilometa 40 kwa saa. Kwa pamoja wanakaribiana kwa kilometa 90 kwa saa, yaani mita 25 kila sekunde. Wakionana wakiwa mita 500, wana sekunde 20 tu. Penye kona, kichaka au mlima uliokatwa, huenda wasionane hata mita 200. Hapo zinabaki sekunde 8.

Hesabu hii inatufundisha kwamba macho peke yake hayatoshi. Usalama wa reli hauwezi kutegemea kuonana. Lazima upatikane kabla chombo chochote hakijaingia njiani.

Njia inalindwaje?

Reli zetu nyingi zina njia moja tu inayotumika kwa kwenda na kurudi. Kwa hiyo njia hugawanywa vipande, mara nyingi kutoka stesheni moja hadi nyingine. Kanuni ni hii: kipande kimoja, chombo kimoja, kwa wakati mmoja. Anayetaka kuingia huomba ruhusa kwa anayeongoza safari. Huyo huhakikisha kwanza kwamba kipande ki tupu, kisha hutoa kibali. Kibali hicho hakiishi mpaka aliyekichukua atoe taarifa kwamba ametoka.

Kiberenge kinafuata kanuni hiyo hiyo, hata kama ni kidogo. Tena udogo wake huongeza hatari, kwa sababu mitambo mingine ya umeme inayotambua treni njiani inaweza isikitambue chombo chepesi. Uhai wa waliomo unategemea mawasiliano sahihi.

Mafundi wanaofanya kazi mahali pamoja huongezewa ulinzi mwingine. Mshika bendera nyekundu husimama mbali, kila upande. Mahali pengine huwekwa fataki juu ya reli, ambazo hulipuka gurudumu likizikanyaga, na dereva akisikia mlio anajua kuna hatari mbele.

Penye tambukareli

Mahali barabara inapokatiza reli huitwa tambukareli. Jina hilo limebaki hata katika majina ya mitaa, kama vile Tambukareli ya Dodoma. Hapo hatari huwa mbili: chombo cha matengenezo huweza kuwa kinapandishwa au kushushwa relini, na wakati huo huo magari, pikipiki na mifugo wanapita.

Tarehe 29 Novemba 2023 huko Manyoni, mkoani Singida, basi na treni viligongana penye makutano ya reli na barabara, na watu 13 wakafariki. Treni ndiyo yenye haki ya kupita kwanza. Hiyo si heshima tu. Ni kwa sababu treni haiwezi kusimama na gari linaweza.

Mambo ya kuzingatia

Kwa kibarua wa reli:
• Kabla ya kuanza kazi uliza: Nani ameomba njia? Kibali kinaisha saa ngapi? Mshika bendera yuko wapi?
• Jua mahali mtakapokimbilia treni ikija. Mkubaliane kabla.
• Usiache zana juu ya reli, wala usirudi kuokoa zana treni inapokaribia. Zana hununuliwa tena.
• Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wako. Kuuliza si utovu wa adabu.

Kwa dereva na bodaboda:
• Simama, tazama pande zote mbili, sikiliza. Zima redio.
• Usiingie juu ya reli kama upande wa pili hakuna nafasi ya kutokea.
• Kiberenge kikishapita, usidhani njia ni tupu. Tazama tena.

Kwa mwanakijiji:
• Usichunge mifugo wala kuanika mazao relini.
• Ukiona reli imekatika, mataruma yameondolewa au gari limekwama, toa taarifa stesheni iliyo karibu au kwa mwenyekiti wa kijiji mara moja.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini hata mtu anayeijua reli vizuri anaweza kugongwa?
2. Kijana aliyeajiriwa leo anaona msimamizi anaanza kazi bila mshika bendera. Afanye nini? Nini kinamzuia kusema, na kikundi kinaweza kumsaidiaje?
3. Katika vijiji vyetu tunatengeneza barabara na madaraja kwa kujitolea. Nani huwaonya madereva tunapokuwa kazini?

Kazi ya kikundi

Pimeni mita 500 barabarani, mtu asimame kila mwisho. Hesabuni sekunde 20 kwa sauti. Kisha kila mmoja aeleze angefanya nini katika muda huo, akiwa na toroli lenye mataruma mbele yake. Malizeni kwa kuandika mambo matatu ambayo kila kijana wa kijiji anayekwenda kufanya kibarua relini ataambiwa kabla hajaondoka nyumbani.