SOMO LA KAZI ZA MIKONO: Vifaa Sare vya Kufungia Zawadi za Sikukuu



Idi inapokaribia, maduka ya kambini hutundika karatasi za kung'aa na bahasha za maua. Ni nzuri, lakini zina bei. Wako wazazi wanaokopa ili zawadi ya mtoto isionekane duni mbele ya majirani. Sikukuu ikipita, karatasi huenda jalalani na deni hubaki. Katika somo hili utajifunza kutengeneza kadi, bahasha na mfuko vya rangi moja na nakshi moja, kwa karatasi zilizokwisha kutumika.

Kwa nini viwe sare? Fikiria mkono wa Idi. Watoto huenda nyumba kwa nyumba; huyu akitoa shilingi 5, yule hutoa 50. Mtaa mzima ukitumia bahasha zinazofanana, mtoto akifika kwao na bahasha sita hawezi kujua ipi imetoka kwa nani. Mwenye kidogo atatoa bila haya. Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Ufundi huu si mgeni kwetu watu wa visiwani. Chula, Koyama, Chovai na Kismayu, bibi zetu walisuka mikeka ya miyaa iliyotiwa rangi. Waliokimbia vita baada ya 1991 waliacha nyumba na vyombo vyao, lakini ufundi walikuja nao mikononi. Karatasi nayo husukwa kama miyaa: juu moja, chini moja.

KWANZA: KAGUA KARATASI

Usikate karatasi yoyote kabla ya mtu mzima anayejua kusoma kuikagua. Nilipokuwa darasa la sita, mimi na mdogo wangu tulichukua karatasi chini ya kitanda tukatengeneza maua ya Idi. Kumbe kadi ya chanjo ya mtoto mchanga ilikuwemo. Mama hakutupiga, lakini alipanga foleni siku tatu kutafuta nyingine. Kwa hiyo weka kando kadi ya chakula, kadi ya kliniki, vyeti vya shule, vibali vya kusafiri na kila barua yenye mhuri au namba ya kesi. Vifunge pamoja, uviweke mbali na watoto.

Zinazofaa ni madaftari yaliyokwisha, magazeti, kalenda za zamani, na tabaka za ndani za mfuko wa simenti.

MAHITAJI

Mkasi, rula, penseli, uzi au kamba nyembamba, unga wa ngano, na bizari ya manjano, majani ya chai au hina.

Gundi: Koroga vijiko 2 vya unga kwa maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe. Mimina kikombe kimoja cha maji yanayochemka, koroga juu ya moto mdogo mpaka iwe nzito, kisha ipoe. Hukaa siku mbili, ikinuka, itupe.

Rangi: Chemsha bizari kupata manjano, chai kupata kahawia, au hina kupata rangi ya udongo mwekundu. Chuja, ipoe, chovya karatasi nyeupe haraka, na uianike kivulini, maana jua hufifisha rangi. Chagua rangi mbili tu. Zikizidi, vifaa havitafanana.

A. KADI YA MKEKA

1. Kata karatasi ya rangi ya kwanza, sentimita 10 kwa 10. Ikunje katikati.
2. Anzia upande wa mkunjo, kata mistari iliyoachana sentimita 1. Usifike mwisho, acha upana wa kidole. Ikunjue.
3. Kata vipande vya rangi ya pili, urefu sentimita 10, upana sentimita 1.
4. Pitisha kipande cha kwanza juu, chini, juu, chini. Cha pili kianze chini. Visukume vibanane.
5. Paka gundi nyuma ya mkeka wote, uubandike kwenye karatasi nyingine, uache ukauke.
6. Ubandike mbele ya karatasi ya sentimita 20 kwa 10 iliyokunjwa katikati.

Suka mkeka wa pili, bandika karatasi nyuma yake vile vile, kisha ukate kanda za upana wa sentimita 3. Kanda hizi ndizo zitakazofananisha bahasha na mfuko.

B. BAHASHA

Kata mraba wa sentimita 20. Uweke pembe moja ikikuelekea. Kunja pembe ya kushoto na ya kulia zikutane katikati. Kunja pembe ya chini ipite katikati kidogo, uibandike. Ya juu ndiyo kifuniko. Bandika ukanda wa mkeka mbele. Sarafu ibandike kwanza kwenye kipande cha karatasi ili isilie ndani.

C. MFUKO

Chukua karatasi ngumu ya sentimita 34 kwa 30. Kutanisha pande fupi, moja ipande juu ya nyingine kwa sentimita 2, ubandike. Kunja chini sentimita 4, ubandike. Kunja mdomo kwa ndani sentimita 3, toboa matundu mawili kila upande, pitisha kamba. Malizia kwa ukanda wa mkeka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, basi mfuko huu utafaa hata sikukuu ikipita.

TAHADHARI

Kung'uta karatasi ya simenti nje ya nyumba, ukijifunika pua kwa kitambaa, kisha unawe mikono. Vumbi lake huwasha macho na ngozi. Visheti na halua visiguse karatasi ya simenti wala gazeti. Vifunge kwanza kwa karatasi safi isiyo na wino.

KWA JIRANI ZETU

Majirani Wakristo husherehekea Krismasi tarehe 25 Desemba. Vifaa hivi vinawafaa pia. Badilisha rangi tu. Anayetaka kuwauzia aanze mapema, na awaonyeshe seti moja iliyokamilika kabla ya kupokea fedha.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Karatasi zipi nyumbani kwako hazipaswi kukatwa, na zimewekwa wapi?
2. Je, mtaa wako unaweza kukubaliana juu ya bahasha moja ya mkono wa Idi?
3. Ni bibi yupi karibu nawe anayejua nakshi za mikeka? Mwalike akufundishe.