Dondoo Muhimu: Kabla ya Kuzika Fedha Shimoni

Ewe ndugu wa Isikizya uliyeletewa jiwe lenye kumeremeta na kuombwa ushirika katika duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, usitoe hata thumuni kwa hoja ya jiwe hilo, kwani lililoteuliwa na mwenye kutaka kukusadikisha si ushahidi. Shuka mwenyewe, uchukue sampuli pande zote na vina vyote, zilizo nzuri na zisizovutia, kisha uzipeleke maabara, kama ile ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma.

Jibu likisema gramu 2 za dhahabu kwa tani, maana yake mifuko 20 ya kilo 50, iliyopandishwa kwa kamba, ikasagwa karashani na kuoshwa mwaloni, ina gramu 2 tu. Nazo hutazipata zote, maana kwa njia ya zebaki sehemu kubwa hubaki katika marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Humo utoe magogo, dizeli ya pampu, chakula cha wachimbaji na mrabaha wa Serikali.

Uliza pia leseni ni ya nani katika daftari la Tume ya Madini, na kama mwenye shamba ameridhia.

Jirani zetu wa Nzega waliuona mgodi mkubwa wa Golden Pride ukianza mwaka 1998 na kufungwa baada ya miaka 15 hivi: hata mwamba wenye mali huisha.

Mwenye duara akikukataza kuchukua sampuli kwa mkono wako, mradi huo haufai. Rudi nyumbani na fedha zako.