Dondoo muhimu: Magofu ya Kunduchi, bila haraka

Mkazi wa Kawe hahitaji safari ndefu kuona magofu ya Waswahili wa kale. Panda daladala ya Barabara ya Bagamoyo, shuka Mtongani, kisha chukua bodaboda.

Nenda asubuhi, jua likiwa bado pole. Vaa viatu vya kufunika vidole, maana kuna nyasi na miiba. Beba maji.

Wengi hukimbilia msikiti wa kale. Mimi nashauri uanze makaburini, chini ya mibuyu. Kwenye nguzo za makaburi ya karne ya 18 tafuta vishimo vya duara: humo ndimo zilimopachikwa sahani na bakuli za kauri zilizoletwa na majahazi, nyingine kutoka China kwenyewe. Zunguka kila nguzo taratibu; ukipita mbio utaona mawe tu.

Haya ni makaburi ya watu, si viti vya kupigia picha. Usikalie, usipande, usibandue chochote. Chokaa na matumbawe humeguka upesi.

Ukivutiwa, tenga siku nzima kwa Kaole, karibu na Bagamoyo. Kule misikiti ni miwili.