Onyo la Virusi kwenye Kompyuta: Funga Ukurasa, Usipige Simu

Mkazi wa Hulugho anayetumia kompyuta nyumbani akiona ukurasa mwekundu ukimwambia kwamba mashine yake imeingiwa na virusi na kwamba apige simu mara moja, asipige. Nambari hiyo si ya Microsoft wala ya kampuni yoyote iliyotengeneza kompyuta yake. Ni ya tapeli, na mara nyingi kompyuta yenyewe haina ugonjwa wowote hadi pale mwenyewe anapopiga simu hiyo.

Mambo huanza kwa urahisi. Tuseme mwanafunzi wa kidato cha nne huko Sangailu ameazima kompyuta ya mjomba wake, ambaye ni mwalimu, ili atafute karatasi za KCSE za miaka iliyopita. Amewasha intaneti ya simu na kuiunganisha na kompyuta. Anafungua tovuti inayotoa karatasi bure, anakuta vitufe vitatu vilivyoandikwa "Download", na kimoja tu ndicho cha kweli. Anabofya kile kikubwa. Kioo chote kinabadilika. Nembo ya Windows inatokea, king'ora kinalia, sauti inatangaza kwa Kiingereza kwamba kompyuta imefungwa kwa sababu za usalama na kwamba akiizima atapoteza kila kitu. Katikati kuna nambari ya simu, na pembeni saa inayohesabu dakika tano kurudi nyuma.

Wakati huo kijana hawazi virusi. Anawaza abti atasema nini. Tapeli anategemea hilo hasa: hofu ya kuharibu mali ya mwenyewe na aibu ya kuuliza, zikikutana na saa inayokimbia.

Kilicho mbele yake ni ukurasa wa tovuti tu, kama ukurasa wa gazeti au wa matokeo ya mpira. Umetengenezwa ujaze kioo kizima ili alama ya kufungia isionekane. King'ora ni sauti iliyorekodiwa. Ile orodha ya virusi inayoongezeka kila sekunde ni mchoro unaosogea, na utahesabu virusi vilevile kwenye kompyuta iliyotolewa katika kartoni leo asubuhi. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, Edge au Firefox, hakiruhusu ukurasa wa tovuti kuingia ndani ya kompyuta na kupekua faili zake. Kwa hivyo ukurasa unaosema "tumechunguza kompyuta yako" unasema uongo kabla hata ya kutaja virusi.

Baadhi ya kurasa hizi huonyesha jina la kampuni ya mtandao na mji alipo mtu, jambo linalowatisha wengi. Kila tovuti huona kiasi hicho. Mara nyingi mji unaotajwa huwa Nairobi, hata kama mtu ameketi chini ya mwembe Hulugho, kwa sababu hapo ndipo mtandao wa simu unapojitokeza kwenye intaneti.

Hatua ya kwanza ni kuzima intaneti ya simu inayolisha kompyuta. Hapo ukurasa hauwezi kuleta kurasa nyingine, na bando halitaliwa bure. Kisha mtumiaji ashikilie kitufe cha Esc kwa sekunde kadhaa. Mara nyingi ukurasa hunywea na alama ya kufungia ikaonekana. Ikishindikana, abonyeze Alt na F4 kwa pamoja. Ikishindikana tena, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa wakati mmoja, kidirisha cha Task Manager kifunguke, achague jina la kivinjari kisha "End task". Na kama kipanya kimekwama kabisa, ashikilie kitufe cha kuwashia kompyuta kwa takriban sekunde kumi hadi izime. Tishio kwamba kuzima kutaharibu mashine halina ukweli. Anachoweza kupoteza ni kazi aliyokuwa akiandika na hakuihifadhi, basi.

Atakapofungua kivinjari tena, huenda kikamuuliza kama anataka kurasa za awali zirudishwe, kwa neno "Restore". Akatae, la sivyo atamrudisha mgeni yuleyule aliyemtoa mlangoni.

Kuna aina ya pili, nayo ndiyo huwafanya watu waamini kwamba kompyuta kweli inaumwa. Hapa onyo hutokea kwenye kona ya chini ya kioo kila baada ya dakika chache, hata mtu akiwa anaandika barua. Chanzo chake karibu kila mara ni siku fulani alipofungua tovuti ya kutazama mechi au filamu bure, ikamwambia abofye "Allow" ili athibitishe kwamba yeye si roboti. Kwa kubofya, aliipa tovuti hiyo ruhusa ya kumtumia arifa wakati wowote. Dawa ni kuiondolea ruhusa. Katika Chrome, abofye vitone vitatu vilivyo juu upande wa kulia, aingie "Settings", kisha "Privacy and security", kisha "Site settings", kisha "Notifications". Hapo ataona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Zile asizozijua aziondoe. Simu za Android hupata maradhi haya pia, na mpangilio wa Chrome ya simu unafanana na huo.

Hili linafaa kujulikana Hulugho kuliko mjini. Mkazi wa Garissa mjini anaweza kutembea hadi kwa fundi. Wa Hulugho au Bodhai anasubiri gari la Masalani au la Garissa, na mvua ikinyesha barabara inajifunga. Akifika, fundi mwenye haraka huenda akafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kompyuta itarudi safi, ndiyo, lakini bila picha za familia, bila maandalizi ya masomo ya mwalimu, bila nakala ya vyeti vilivyohifadhiwa kwa ajili ya maombi ya basari. Yote hayo kwa tatizo ambalo lingeondolewa kwa kubofya mara tano.

Je, onyo la kweli linafananaje? Windows ina mlinzi wake wa ndani asiyelipiwa. Mtumiaji akitaka kuhakikisha, abofye Start, aandike "Windows Security", afungue "Virus & threat protection" kisha "Quick scan". Majibu yatakayotoka hapo ndiyo ya kuaminiwa. Microsoft yenyewe imesema wazi kwamba ujumbe wake wa hitilafu au wa onyo hauna nambari ya simu hata siku moja. Jambo moja la kuangaliwa: Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025. Wenye kompyuta za zamani wana sababu ya kweli ya kufikiria usalama, ila jibu la swali hilo halitoki kwenye dirisha lenye king'ora.

Hatari yenyewe huanza kwa simu. Anayepokea huwa mpole, hujitambulisha kama fundi wa Microsoft, na humwomba mtu aweke programu kama AnyDesk au TeamViewer. Hizi ni programu halali ambazo mafundi hutumia kutengeneza kompyuta wakiwa mbali, lakini anayepewa nafasi hiyo huwa kama ameketi mbele ya kibodi yenyewe. Kisha humfungulia mwenye kompyuta kidirisha kiitwacho Event Viewer na kumwonyesha alama nyekundu na njano. Alama hizo zipo kwenye kila kompyuta ya Windows, nzima na mbovu. Baada ya hapo bei inatajwa. Na anapoendelea kuzungumza, anaweza kupitia manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari: barua pepe, eCitizen, KRA, HELB. Akiomba PIN ya M-Pesa au tarakimu zilizoingia kwa ujumbe mfupi, hakuna maelezo yanayoweza kuhalalisha ombi hilo.

Wasioona haya wakadhani ni udhaifu wa watu wa mashambani wanakosea. Mwezi Machi 2024, tume ya Marekani inayosimamia biashara na kulinda wateja, FTC, ilitangaza kwamba kampuni mbili za Cyprus, Restoro na Reimage, zilikubali kulipa dola milioni 26 kumaliza kesi iliyodai kwamba zilitumia maonyo bandia ya Windows kuwauzia watu matengenezo wasiyoyahitaji, wengi wao wazee. Wachunguzi walinunua huduma hizo bila kujitambulisha, na kompyuta isiyo na tatizo ikaambiwa ina mamia ya hitilafu.

Aliyekwisha kupiga simu au kumruhusu mgeni aingie asipoteze muda kujilaumu. Azime intaneti papo hapo, kwani hapo mgeni hukatika. Aiondoe programu aliyoambiwa aiweke, kisha achunguze kompyuta kwa Windows Security. Manenosiri ayabadilishe akitumia simu au kompyuta nyingine, akianza na barua pepe, kwa sababu anayeshika barua pepe anaweza kubadilisha mengine yote. Kama alitoa taarifa za benki, aipigie benki siku hiyohiyo. Kama alituma pesa kwa M-Pesa, autume ujumbe wa muamala huo kwa 456 bila kungoja. Pesa zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha huwa kugumu sana. Nambari ya tapeli inaweza kuripotiwa kwa Safaricom kupitia 333.

Kwa kijana wa Sangailu, maneno ni machache: "Abti, onyo lilitokea, nimelifunga, sijapiga simu." Na wazazi na wajomba nao wana sehemu yao. Mtoto anayejua kwamba atagombezwa ndiye anayejaribu kulimaliza jambo peke yake, kwa pesa ya karo iliyo kwenye simu ya mama.

Malalamiko hupelekwa katika kituo cha polisi kilicho karibu, ambako mlalamishi hupewa nambari ya OB, au kwa DCI kupitia simu isiyolipiwa 0800 722 203. Kituo cha kitaifa cha kushughulikia visa vya mtandao, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, hupokea taarifa kwa barua pepe incidents@ke-cirt.go.ke. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, anayepatikana na hatia ya ulaghai kwa kompyuta anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 20, kufungwa hadi miaka 10, au yote mawili.

Ili kesi iwe na miguu, ushahidi unahitajika. Kabla ya kufunga ukurasa, inatosha kuupiga picha kwa simu, nambari ikionekana vizuri, pamoja na anwani ya tovuti kama inaonekana. Ujumbe wa M-Pesa usifutwe, wala rekodi ya simu iliyopigwa.