JINO LIKINYAMAZA, USISEME LIMEPONA



Mara nyingi katika dispansari tunapokea mtu ambaye munganga wa meno amekwisha kumwambia: «Jino hili tusiling'oe, tutalitibu mzizi. Rudi siku fulani.» Mtu anarudi nyumbani na karatasi ya randevu mfukoni. Anangoja wiki moja, pengine mbili. Somo letu la leo ni juu ya siku hizo za kungoja. Wengi wanadhani kungoja ni kuvumilia maumivu tu. Sivyo. Kungoja ni kuchunga.

Mambo yanayopita ndani ya jino

Jino si jiwe. Ndani yake mna nafasi ndogo yenye nyama laini, mishipa ya damu na mshipa wa fahamu. Nafasi hiyo inashuka mpaka ncha ya mzizi, katika mfupa wa taya. Tundu la jino likifika pale, mikrobu zinaingia. Nyama inavimba, lakini haina mahali pa kutanukia, kwa sababu jino ni gumu pande zote. Ndiyo maana maumivu yanapiga kama nyundo, zaidi usiku mtu akilala.

Baadaye nyama ile inakufa. Mshipa wa fahamu ukifa, maumivu yanaweza kukatika kabisa. Lakini mikrobu hazikufa. Zinatokea kwenye ncha ya mzizi, zinaingia katika mfupa, na usaha unakusanyika.

Kutibu mzizi ni kufungua jino, kutoa nyama iliyokufa, kusafisha njia ya mzizi na kuiziba vizuri. Vidonge peke yake haviwezi kazi hiyo. Dawa ya kumeza inasafiri kwa damu, na damu haifiki tena ndani ya jino lililokufa.

Habari ya dereva mmoja

Nilipokuwa mpya kazini, dereva mmoja wa kamyo alikuja kwangu. Alikuwa hajalala usiku mbili kwa sababu ya gego la chini. Randevu yake ilikuwa wiki iliyofuata. Siku ya tatu alipita mlangoni akicheka: «Munganga, limenyamaza. Limepona.» Nilicheka pamoja naye. Sikumwambia afungue kinywa. Kosa hilo lilikuwa langu.

Siku ya randevu hakwenda. Alishika zamu ya mwenzake. Baada ya siku chache, usiku, bibi yake aligonga mlango wangu: «Munganga, baba wa watoto hawezi kumeza mate.» Nilimkuta ameketi kitandani, kichwa mbele, mate yanamtoka. Chini ya taya palikuwa pagumu kama ubao, na ulimi ulikuwa umesukumwa juu. Ambulansi ilimpeleka hospitali usiku ule ule, na waganga walimpasua chini ya taya. Alipona. Lakini kama bibi yake angengoja kupambazuke, pumzi ingeweza kufungwa.

Ugonjwa huo unaitwa angina ya Ludwig, kwa jina la munganga Mjerumani aliyeueleza mwaka 1836. Mara nyingi unaanzia kwenye magego ya chini.

Dalili za kukuleta dispansari siku ile ile

1. Maumivu ya kupiga yasiyokuacha ulale.
2. Jino linauma ukiuma chakula, au unaliona kama limekuwa refu kuliko mengine.
3. Ufizi umevimba, au una kipele kinachotoa usaha.
4. Ladha mbaya au harufu mbaya inayotoka mahali pamoja.
5. Shavu limeanza kuvimba, au kuna tezi zinazouma chini ya taya.
6. Homa. Msiseme kila homa ni malaria. Mwambieni munganga habari ya jino pia.
7. Jino lililouma sana limenyamaza ghafula bila matibabu.

Dalili za kwenda hospitali saa ile ile, hata usiku

1. Kumeza au kupumua kwa shida, au sauti imebadilika.
2. Kinywa hakifunguki vizuri, au ulimi umeinuka.
3. Uvimbe umeshuka shingoni au umepanda mpaka jicho.
4. Homa kali pamoja na kutetemeka, au mtu anasema maneno yasiyo na maana.

Mtu mwenye ugonjwa wa sukari na mama mwenye mimba wasingoje uvimbe ukue. Mimba si sababu ya kuacha jino bila kutibiwa.

Mambo ya kufanya wakati wa kungoja

Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi: nusu kijiko kidogo katika kikombe. Tema, usimeze. Endelea kupiga mswaki, polepole. Tafuna bukari upande mwingine, na acha vitu vya sukari. Munganga akiwa ameweka dawa ya kuziba kwa muda, na ikatoka, usingoje randevu; rudi.

Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli ya miligramu 500: kidonge 1 au 2, kisha kungoja saa 6. Asipite vidonge 8 katika saa 24. Mwenye ugonjwa wa maini au anayekunywa pombe sana aulize kwanza.

Mambo ya kukataa

Usiweke aspirini juu ya ufizi, inauunguza. Usiweke petroli wala maji ya betri. Usitoboe uvimbe kwa sindano au wembe. Usikande shavu kwa kitambaa cha moto. Usinunue kapsuli mbili tatu sokoni: zinaweza kupunguza maumivu, mikrobu zikabaki. Na usimpe mtoto dawa ya mtu mzima.

Kazini

Mwambie kapita wako kama hukulala. Dawa kali za maumivu, kama tramadoli, zinaleta usingizi na kizunguzungu; ukizimeza, usiendeshe kamyo wala mashini. Tena, shavu likivimba, kinyago cha vumbi hakishiki vizuri usoni, na vumbi linapita pembeni.

Tujipime

Jino limeacha kuuma jana: je, unafuta randevu? Hapana, unakuja tuliangalie. Uvimbe umeshuka shingoni saa nane ya usiku: je, unangoja asubuhi? Hapana, unakwenda.

Mama, angalieni shavu na shingo ya baba kila asubuhi na kila jioni. Yeye mwenyewe haoni chini ya taya yake. Na randevu ya munganga wa meno, msiibadilishe kwa zamu ya mtu.