SOMO LA GARI: KUFUNGUA ALTERNATA YA LAND ROVER



Gari ikikataa kuwaka ilhali magunia ya karafuu yamekwisha fungwa, hasara humwangukia mkulima. Mara nyingi hulaumiwa betri. Hununuliwa mpya, na baada ya siku chache nayo hulala. Basi yafaa kila mwenye gari ajue kuitazama alternata, na kuifungua bila ya kuharibu kitu.

Alternata ni chombo kinachotoa umeme wa gari injini inapozunguka, na kuijaza betri. Zamani kazi hiyo ilifanywa na dainamo. Somo letu lahusu Land Rover Series III ya petroli, gari iliyoanza kutengenezwa mwaka 1971. Gari nyingine za umri huo hazitofautiani nayo sana.

Pima kabla ya kufungua

Fungua swichi bila ya kuwasha injini: taa nyekundu ya chaji yapasa iwake, na injini ikishika, izimike. Isipowaka kabisa, tazama kwanza globu yake, kwani alternata huanzishwa kazi na umeme upitao katika globu hiyo.

Kisha bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Ukishuka zaidi ya sentimita 1 hivi, umelegea. Mkanda uliolegea huteleza, chaji hupungua, na kwa kuwa ndio unaozungusha pampu ya maji, injini nayo hupata moto.

Mwisho tumia kipima volti. Betri nzima iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi, injini ikienda kwa kasi ya wastani, yapasa ipande baina ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, na mkanda na nyaya ni vizima, hapo alternata ndiyo mgonjwa.

Namna ya kuifungua

1. Zima injini, ungoje ipoe. Vua pete na saa ya mkononi.

2. Fungua kwanza waya wa betri uliofungwa kwenye bodi, wenye alama ya kutoa. Usiiruke hatua hii. Waya mnene ulio nyuma ya alternata una umeme wakati wote, hata swichi ikifungwa. Spana ikiugusa pamoja na chuma cha injini, cheche huruka na nyaya huweza kuungua.

3. Chomoa plagi ya nyuma. Vuta plagi yenyewe, usivute waya.

4. Legeza boliti ya juu, ipitayo katika kipande chenye mwanya mrefu, na boliti mbili za chini. Sukuma alternata upande wa injini, uvue mkanda.

5. Toa boliti ya juu. Ishike alternata kwa mkono mmoja, maana ni nzito, huku ukitoa za chini. Boliti, nati na washa zote ziweke katika kopo moja.

Kuirudisha ni kwa kufuata hatua hizo kinyumenyume. Waya wa betri uwe wa mwisho. Ukikaza mkanda, egemeza kipande cha mti upande wa mbele wa alternata, penye puli. Ukiegemeza nyuma, waweza kuivunja.

Mambo ya kujihadhari

Wako wanaochomoa waya wa betri injini ikiwa yaenda, ati wajaribu chaji. Mchezo huo ni wa siku za dainamo. Kwa alternata, volti huweza kupanda ghafla zikaunguza diodi zilizomo ndani, na chombo kizima kikafa kwa sababu ya kujaribiwa. Kadhalika usigeuze nyaya za betri. Na gari ikitaka kuchomelewa chuma, fungua betri na uchomoe plagi ya alternata kwanza.

Ukisha itoa, usikimbilie kununua nyingine. Mpelekee fundi wa umeme aitazame. Pengine zimekwisha brashi tu, na hizo bei yake ni ndogo sana kuliko alternata nzima. Kazi hii ifanywe kabla ya mavuno kuanza, maana siku ya kupeleka karafuu si siku ya kufungua boliti.